Mbili kati ya Ishirini

Kadi zilikuwa ishirini, na Jalia Marjan alizipanga kwa dakika tano, mkono mmoja ukiwa bado na ufunguo wa kibanda chake cha soko la Owino. Alikuwa amerudi na magharibi kama kawaida, miguu imevimba, vumbi la mapazia ya mitumba limemjaa puani. Kila kadi ilikuwa na neno moja au mawili: Mungu, Pesa, Uhuru, Marafiki, Heshima, Elimu, na mengine ya namna hiyo. Karatasi iliyokuja nazo ilieleza kwamba wanafunzi wa nchi nne, Uganda, Estonia, Peru na Vietnam, wamezipanga kadi hizo darasani kwao, kuanzia jambo wanalolithamini zaidi hadi wanalolithamini kidogo. Mzazi naye alitakiwa azipange vile anavyodhani mtoto wake amezipanga. Asimuulize mtoto.

"Nimuulize ya nini?" Jalia alicheka peke yake. "Mimi nilizaa hii mtoto. Mtu anaulizia tumbo yake ilibeba nini?"

Aliweka Mungu mbele, Elimu ikafuata, Heshima ikawa ya tatu. Kazi Nzuri ikawa ya nne, maana Owino nzima ilijua kwamba Munirah atakuwa daktari, na Jalia ndiye aliyeitangazia. Kadi moja ilimshinda. Iliandikwa Kusikilizwa. Akaigeuza pande zote mbili kama noti anayoishuku.

"Banange, hawa watu wa chuo! Mtoto anasikiliza. Nani anasikiliza mtoto?"

Akaitupa mwisho kabisa, ya ishirini. Akaandika namba zake kwenye karatasi, akaweka alama kwenye kisanduku cha mama, akalamba bahasha na kuifunga. Alilala usingizi wa mtu aliyefaulu.

Bahasha zilikuwa mbili, ya pili ikiwa ya baba. Hiyo ilikaa juu ya redio siku nne. Okwera, mume wake, alikuwa polisi wa kulinda benki mjini, na kila alipoionyeshwa alisema "kesho." Nyumbani kwao Kawempe hakukuwa na mtu mwingine ila Munirah mwenyewe, mwenye miaka kumi na sita, mtoto wao wa pekee, na Ayot, dada yake Okwera.

Ayot alikuwa amekuja kutoka Gulu miaka mitatu nyuma, baada ya mume wake kufa na mashemeji kugawana shamba mbele ya macho yake. Alikuja kukaa wiki mbili. Alipika, alifua, alikwenda kwenye mikutano ya shule, alimngoja mtoto mlangoni saa kumi na moja jioni. Jalia alishukuru sana. Sasa aliweza kutoka saa kumi na moja alfajiri, akafika Owino kabla belo za mitumba hazijafunguliwa, akachagua mapazia mazuri kabla ya wengine. Mtu anayekupunguzia mzigo humuulizi anaupeleka wapi.

*

Siku ya majibu, Jalia alifunga kibanda. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Hata siku ya mazishi ya baba yake alifungua asubuhi. Alivaa gomesi lake la rangi ya dhahabu, akajitanda mtandio mpya, akakaa mstari wa mbele ukumbini na mume wake aliyekuja na sare ya kazi. Ayot alijiweka nyuma karibu na mlango.

Mwalimu Ochan, mwalimu wa darasa, alipita akisalimia wazazi. Alipofika kwao akampa Okwera mkono, kisha akamtazama Jalia kwa adabu.

"Karibu, nyabo. Wewe ni mzazi wa nani?"

"Wa Munirah."

"Munirah Lanyero?" Mwalimu aligeuka akatazama nyuma, mlangoni, kisha akamtazama Jalia tena. "Aa. Kale, sawa. Karibu sana."

Jalia aliona lile jicho lilikokwenda. Akajivuta mtandio, akajiambia kwamba mwalimu ni mtu wa watoto wengi, hawezi kukariri wote.

Mtafiti alikuwa msichana wa chuo kikuu aitwaye Babra, mchangamfu, mwenye kompyuta na picha ukutani. Alionyesha nchi moja baada ya nyingine. Vijana wengi wa Uganda walikuwa wameweka Mungu na Elimu mbele. Wa Vietnam waliweka familia. Wa Peru walichanganya, marafiki juu, pesa karibu nao. Wa Estonia waliweka uhuru, na kusikilizwa, na kuwa na muda wa peke yako. Mungu wakamweka kule chini karibu na michezo. Ukumbi uliguna. Mzee mmoja akasema, "Hao baridi imewaingia kichwani," watu wakacheka.

"Lakini hapa hapa iko maajabu," Babra alisema. "Mwanafunzi namba kumi na saba. Kadi zake zinafanana na za Estonia kuliko za darasa lake. Kusikilizwa ameweka ya kwanza."

"Ni Munirah wetu!" Mwalimu Ochan alishindwa kujizuia, na wanafunzi waliokaa pembeni wakaanza kupiga kelele, "Muzungu! Muzungu!" Munirah aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa magoti.

Jalia alinyoosha shingo aone vizuri ukutani. Ya kwanza? Huenda wamechanganya karatasi.

"Na sasa wazazi," Babra aliendelea. "Kwa kawaida mzazi akipata kadi tano au sita mahali pake, amejitahidi. Baba ya huyu namba kumi na saba amepata kumi na saba kati ya ishirini. Mnasikia? Kumi na saba! Hata Estonia haikutokea."

Makofi yalilipuka. Okwera aligeuka kulia na kushoto kama mtu aliyeitwa na jina la mwenzake. Walimvuta mbele. Alisimama wima kama yuko gwaride, mikono imenyooka, akapewa chupa ya chai mpya ikiwa ndani ya boksi lake.

"Baba, tuambie siri yako," Babra alisema. "Uliwezaje kumjua hivi?"

Okwera alikohoa. "Mtoto... ni kufuatilia. Usalama inaanzia nyumbani."

Makofi tena. Na hapo, kwa furaha tu na bila ubaya wowote, Babra akasoma mstari uliobaki: "Mama, mbili."

Kicheko kilikuwa kifupi, cha adabu, kikamezwa haraka. Hicho ndicho kilichomuumiza zaidi. Mama mmoja pembeni yake alimgusa goti akasema, "Bambi, pole, hata mimi nilipata tatu." Ukutani zile kadi mbili zilikuwa zimetiwa rangi ya kijani ili kila mtu azione: Unadhifu, ya kumi na tano, na Michezo, ya kumi na nane. Mambo ambayo hata jirani angeyapatia.

*

Jalia alingoja mpaka walipofika nyumbani. Aliacha Okwera avue buti, aweke chupa yake ya chai juu ya redio, aitazame kwa mbali kama kikombe cha ubingwa. Munirah alikuwa amebaki shuleni kwa masomo ya jioni. Ayot alikuwa barazani akipepeta mtama.

"Mnaongea saa ngapi?"

"Nani?"

"Wewe na Munirah. Kumi na saba, Okwera. Mtu anapata kumi na saba bila kuongea? Saa ngapi? Mimi nikiwa wapi?"

Wivu wa Jalia hadi dakika hiyo ulikuwa kwa mume wake, na alikuwa ameshaupanga vizuri njia nzima: miaka kumi na sita amebeba yeye, anayependwa ni mwingine anayerudi na kulala na gazeti usoni. Okwera alikuna kisogo.

"Jalia, haki ya Mungu, hiyo karata mimi sijaona. Mimi nilijua wamekosea namba."

"Na ukapokea chupa!"

"Watu wamepiga makofi. Mtu akipigiwa makofi atakimbia?"

Barazani ungo ulinyamaza. Kisha Ayot akaingia mwenyewe, hakungoja kuitwa, akifuta mikono kwenye kitenge.

"Ni mimi, mulamu," alimwambia wifi yake. "Bahasha ilikaa siku nne, na mwalimu alikuwa anataka siku hiyo. Nikaona mtoto atapata aibu. Nikapanga, nikapeleka."

"Karatasi inasema baba."

"Iko sanduku mbili tu pale. Baba, mama. Ya senga, shangazi, hawakuweka. Nikasema, mimi ni mtu ya upande wa baba. Nikaweka tiki kwa baba."

"Na kwa nini hukuweka kwa mama, basi, umalize?"

"Mama ni wewe," Ayot alisema, kama anayeshangaa swali. "Hiyo nafasi yako siwezi gusa."

Laiti angemkuta amejiandika mama, Jalia angejua la kufanya. Angepiga kelele mpaka majirani watoke. Sasa mwenzake alikuwa amemwachia kiti chake kikiwa kimefutwa vumbi, na bado watu wote walikuwa wameona kwamba hajui kukikalia.

"Alikuambia? Munirah alikuambia vile alipanga?"

"Hapana. Yeye hata hajui nilipanga. Mimi niliweka tu vile ninamuona."

Vile ninamuona. Na yeye, mama, humuona lini? Saa kumi na moja alfajiri mtoto ni blanketi. Jioni mtoto ni mgongo ulioinamia daftari. Jumapili ni nguo kwenye kamba. Alitafuta neno la kumrudishia Ayot maumivu yake, akatafuta chini kabisa, kule mahali mtu mwema huwa hashuki, akalipata.

"Mungu alikunyima wako, sasa unachukua yangu."

"Jalia!" Okwera alisema. Alikuwa na bunduki ya serikali mchana kutwa, lakini nyumbani silaha yake ilikuwa hiyo tu, kutaja jina la mtu.

Ayot alikuwa amezika mimba nne Gulu na Jalia alijua, maana alimsimulia mwenyewe siku moja wakichambua maharage. Akarudi barazani, akamaliza kupepeta, akapika, akapakua. Sahani ya Jalia aliifunika kama kila siku.

*

Asubuhi ya pili yake begi la Ayot lilikuwa mlangoni. Hakuna aliyemfukuza kwa kinywa, na hakuna aliyemzuia. Okwera alilibeba begi, akaliweka chini, akalibeba tena. Munirah alisema hatakwenda shule; Ayot akamfunga vifungo vya sweta kama mtoto wa chekechea, akamsukuma njiani.

"Lanyero, nenda. Mimi naenda kuona nyumbani Gulu tu."

Lanyero. Hilo nalo lilimkera Jalia. Mtoto alipewa majina mawili, la upande wa mama na la upande wa baba, na miaka kumi na mitatu Lanyero lilikuwa la kwenye cheti tu. Ayot ndiye aliyelitoa kwenye karatasi akalitia uhai, mpaka mtoto akawa anaitika haraka zaidi kwa hilo kuliko kwa Munirah.

Walipobaki wawili, Ayot alizungumza akitazama begi. "Jumanne anachelewa, iko kwaya. Usimgombeze. Akinyamaza sana, kichwa inamuuma, hatasema. Na maziwa, mulamu..."

"Maziwa imefanya nini?"

"Inamsumbua tumbo. Yeye anakunywa tu kwa sababu ni wewe umeleta."

Kila jioni, miaka mitatu, Jalia alikuwa akipitia kwa muuza maziwa hata akiwa amechoka kufa, akinunua nusu lita ya mtoto wake.

"Mimi najua mtoto yangu," alisema.

"Kweli," Ayot alijibu. "Kaa vizuri, mulamu." Akatoka.

*

Jalia aliamua kuwa mama kwa bidii ileile aliyoitumia kuwa mfanyabiashara. Wiki hiyo alifunga kibanda saa tisa mchana kila siku. Jirani yake wa Owino, Hajati Zuleika, aliyeuza mashuka, hakuwa na ulimi wa kutulia.

"Mama Daktari! Leo tena mapema? Belo ya jana wamechukua pazia zote nzuri, umebaki na ya kufunika kuku."

"Wacha wachukue. Mimi niko na mtoto."

"Mtoto ako na miaka kumi na sita anataka kunyonya?"

Jalia alicheka na wenzake, akaenda. Alifika nyumbani kabla ya Munirah, akapika pilau, akakaa mlangoni kumngoja pale pale alipokuwa akikaa Ayot. Mtoto alipotokea kwenye kona alikuwa anakuja kwa mwendo wa haraka. Alipomwona aliyekaa mlangoni, mwendo ukapungua. Ulipungua kidogo sana, lakini Jalia hakuukosa.

"Shule ilikuwaje?"

"Nzuri, mama."

"Walifundisha nini?"

"Mambo mingi."

"Kula. Niliweka nyama mingi."

"Asante, mama."

Adabu tupu. Mtoto aliosha vyombo bila kuambiwa, akafagia, akasema shikamoo na usiku mwema. Kisha nyuma ya pazia la chumba chake Jalia akasikia kicheko kikimponyoka, kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu mtoto aote meno ya pili. Aliingia ghafla. Munirah alikuwa na simu sikioni, na uso wake ukafungwa kama duka.

"Nani huyo?"

"Senga."

"Mwambie salamu," Jalia alisema, na meno yake hayakuachana.

Siku iliyofuata, mtoto akiwa anaoga, aliishika ile simu akafungua orodha ya waliopigiwa. Senga. Senga. Senga. Baba mara moja. Senga. Alitafuta jina lake mwenyewe akishuka na kidole, akashuka mpaka mwezi uliopita, akalikuta: Mama, na dakika sifuri, maana hakuwa amepokea. Alirudisha simu mahali pake kama mwizi.

Alhamisi hakuweza kuvumilia tena.

"Munirah, kaa. Hiyo kadi. Kwa nini uliiweka ya kwanza?"

"Kadi gani?"

"Unajua. Nani hapa hakusikilizi? Unalala njaa? Unakosa daftari? Unataka tukusikilize nini?"

"Mama, usikasirike."

"Sikasiriki!" Jirani wa upande wa pili wa ukuta alipunguza redio ili asikie vizuri.

Munirah alikuwa akivuta uzi kwenye ukingo wa sketi. "Nilitaka kukuambia kitu. Mwezi wa pili. Na tena siku ya Idi."

"Na hukuniambia."

"Nilikuambia, mama. Ulilala."

"Nililala?"

"Nikiwa naongea. Mara ya kwanza sikujua. Nilimaliza yote, nikageuka, nikaona umelala."

Jalia alifungua kinywa amwambie anaamka saa kumi usiku kwa ajili ya nani. Mapazia ya watu anayabeba kichwani kwa ajili ya nani. Aliyasema yote, moja baada ya jingine, na yote yalikuwa kweli.

"Najua, mama," Munirah alisema. "Ndiyo maana sikukuamsha."

"Kitu gani, basi? Sema sasa."

"Si kitu. Iliisha."

*

Jumapili Jalia hakwenda sokoni. Okwera alikuwa zamu. Baada ya chakula cha mchana alitandika mkeka barazani, akaegemea ukuta, akamwita mtoto aje na maharage ya kuchambua.

"Leo niko bure mpaka jioni," alisema. "Nimekuja kusikia. Hata kama iliisha, nataka."

Munirah aliweka sufuria kati yao. Kisha akaanza, akizungukazunguka kama anayeogopa kukanyaga kitu: kwamba kidato cha tatu ni kigumu, kwamba mwalimu wa bailojia si mbaya, kwamba siku moja waliingia maabara na kila meza ilikuwa imewekewa panya. Jalia alitikisa kichwa. Alikuwa anasikia kweli. Jua lilikuwa limepasha ukuta joto mgongoni pake, maharage yalidondoka kwenye sufuria moja moja, na mwili ambao kwa miaka mingi umezoea kuamka saa kumi haujui ahadi za mwenyewe. Neno la mwisho alilolisikia lilikuwa panya.

Alipozinduka hakufumbua macho mara moja. Alihisi leso imetandikwa juu ya miguu yake. Sufuria haikuwa na sauti tena. Sauti ya Munirah ilikuwa upande wa tangi la maji, chini chini, kwa Kiswahili cha nyumbani, maana Kiacholi cha kwa baba yake alikijua cha kuombea chakula tu.

"Amelala, senga. Nilifika kwa panya tu... Usicheke!" Yeye mwenyewe alikuwa anacheka, na cheko lilikuwa na maji ndani yake. "Sijamwambia nilianguka. Wala mara ya pili. Wala vile mwalimu alisema mtu akiona damu anaanguka, udaktari asahau... Hapana, siogopi atanichapa. Hawezi kunichapa. Naogopa ile Owino. Kule wanamwita Mama Daktari, senga. Kila mtu. Atawaambia nini? Atapitaje pale kwa wale wamama? Mimi nikifikiria vile atapita, nalia."

Na alilia kweli, akivuta kamasi kama alipokuwa na miaka mitano. Jalia alikaza kope. Vidole vyake chini ya leso vilikuwa vimeshikana.

"Hapana, usimwambie kwa niaba yangu... Hata wewe usirudi kama hajakuita mwenyewe. Ukija hivi hivi atajiona mgeni kwa nyumba yake... Najua. Najua, senga. Analala kwa sababu anachoka, si kwa sababu hapendi. Mimi najua."

Hapo ndipo wivu ulipomfika Jalia mahali ambapo haukuwa umewahi kufika. Aliweza kuvumilia mtoto kumpenda mwingine. Lakini hata huruma aliyokuwa nayo kwa mama yake, mtoto alikuwa ameichukua akaipeleka Gulu ikatunzwe na mtu mwingine, huku mama mwenyewe amelala hatua sita kutoka hapo. Alitamani kuruka, ainyakue ile simu, aseme nimesikia, nimesikia yote, sasa mna nini tena! Alijua pia kwamba akifumbua macho mtoto atanyamaza, na kesho ataongelea mbali zaidi ya tangi. Akahema taratibu kama aliyelala. Aliiba mpaka neno la mwisho.

Simu ilipokatwa alihesabu pumzi kumi, kisha akajinyoosha na kupiga miayo.

"Nimelala?"

"Kidogo, mama."

"Mlikuwa mmeingia maabara. Iko panya kila meza."

Munirah aligeuka. Hakuwa ametegemea. Jalia aliinuka kutoka kwenye mkeka, akashika nguzo ya baraza, akasimama.

"Endelea."

Mtoto akaendelea. Alianguka, alisema. Mara mbili. Mwalimu alimshauri achague masomo mengine. Hataki udaktari, hawezi. Alisema hayo yote akitazama maharage, kwa sentensi fupi zilizonyooka, bila kicheko wala kamasi. Jalia alingoja. Alijua kinachofuata, alikuwa amekisikia kwa masikio yake, na alikitaka kama mwenye kiu.

"Na kisha?"

"Basi, mama. Ni hiyo tu."

Ile ya Owino ilikuwa imebaki Gulu. Jalia alitazama njia, mahali ambapo jirani alikuwa anaanika mihogo.

"Senga yako kule analala wapi?"

"Kwa jiko ya binamu yake."

"Jikoni?"

"Wamemwekea mkeka."

"Nipe hiyo namba. Jioni nitampigia. Mimi mwenyewe. Ile neno nilimwambia ilikuwa mbaya. Nitamwambia hivyo pia."

Kila neno lilimkwaruza likitoka, na hakuna hata moja lililompunguzia wivu. Akilini alimwona Ayot akishuka kwenye basi, akamwona mtoto akikimbia kwenye kona, na akaona kwamba itabidi asimame pale atazame.

Munirah alikuwa ameacha kuchambua. Punje moja ilizunguka kati ya vidole vyake.

"Mama," alisema, "na kule Owino utawaambia nini?"

Jalia alikuwa ameshalisikia swali hilo, na bado lilimpiga, kwa sababu sasa lilikuwa limeelekezwa kwake. Alitafuta jibu la mama, lile linalokuja upesi na kufunga mlango.

"Sijui," alisema. "Mimi pia naogopa wale."

Mtoto alimtazama, kisha akajisogeza pembeni ya mkeka, akapapasa nafasi iliyobaki.

"Kaa, mama."

"Hapana," Jalia alisema, akashika nguzo kwa mikono miwili. "Nikikaa nitalala."